Masikio ya Mzee Ramadhani

Mwezi uliopita nilikwenda Gitega kuhani msiba wa Mzee Ramadhani. Nilijiandaa kulia, na kweli nililia, ila si kwa muda mrefu. Mjane wake, Mama Zaituni, aliniinua kutoka kwenye mkeka wa wanawake, akanishika mkono na kunipeleka karakana nyuma ya nyumba. Juu ya meza kulikuwa na bafle moja, maana bafle ndilo jina letu huku la sanduku la spika, limebanwa kwenye jiliwa na gundi imeshakauka. Mzee alilibana Jumatano, akafariki Ijumaa asubuhi akiwa na zaidi ya miaka themanini. "Unaona?" Mama Zaituni akaniambia. "Amekufa na kazi mukononi. Na we ulitaka kumuweka retreti, akae baraza na wazee, we na exclu yako!" Tukacheka pale pale, tumeshikana mabega, mpaka wale wa mkekani wakanyamaza kutusikiliza. Niliona aibu kidogo. Lakini nikiwa mkweli, nilichohisi zaidi ni nafuu, ile ile niliyoihisi miaka mingi iliyopita, na imenikalia moyoni tangu siku hiyo hadi nimeona niiandike.

Kila anayeisimulia habari ile anaitia chumvi, na aliyekosa ni mimi, kwa hiyo heri niisimulie mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Habari za wazazi wangu, za kambi ya Tanzania nilikokulia na za kurudi kwetu Makebuko nitaziacha. Kila aliyerudi anazo, na zangu hazina jipya. Inatosha kujua kwamba nilirudi na Kiswahili cha darasani, Kiingereza cha kujikongoja, cheti cha kompyuta, na Kifaransa sifuri. Kwa mtu anayetafuta kazi Burundi, sifuri hiyo ilikuwa msiba. Nilishawahi kusimama mbele ya ofisi moja pale Gitega nikivuta mlango ulioandikwa kwa Kifaransa usukumwe, nikavuta na kuvuta, mpaka mlinzi akanionea huruma. Nilikuwa na kiburi pia, hilo nalo nilitaje mapema. Nilikuwa radhi nikose njia kuliko kumuuliza mtu neno.

Mzee Ramadhani alinichukua kwa sababu mafundi wenzake walianza kuwa na kompyuta na yeye hakutaka kuachwa. Alikuwa akitengeneza mabafle kwa mbao za mti wa gereveliya, mabafle ya arusi, ya misikiti, ya makanisa, na hakuwa na kipimo chochote isipokuwa kidole na sikio. Aligonga ubao, akausikiliza huku amefumba macho, akasema "hii inasema" au "hii ni bubu," na ile bubu ikaenda jikoni kwa mkewe kuwa kuni. Walinipa chumba kilichopakana na karakana, chenye kitanda, ndoo na dirisha la kuangalia migomba. Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi na maandazi, mchana tukala wali na maharage au ugali na dagaa, sote watatu kwenye sinia moja, na Mama Zaituni akinisogezea upande wenye dagaa wengi bila kusema kitu. Mimi ni Mkristo na wao Waislamu. Kilichowasumbua kwangu si dini, ni Kiswahili changu. "Sikiliza iyi Mutanzania," Mzee alikuwa akimwambia mkewe, "anaongea kama redio ya habari."

Mwaka huo akaja Ferdinand, mfanyabiashara wa Muyinga aliyekuwa akipitisha bidhaa njia ya Tanzania. Baba yake alikuwa mpiga inanga, ule ubao uliochimbwa kama kihori na kufungwa nyuzi, ambao mpigaji wake haimbi kwa sauti bali ananong'ona, na nyuzi zinaufuata mnong'ono wake. Baba huyo alikuwa amefariki. Lakini kabla hajafa, mgeni mmoja mwenye vinasa sauti vya hali ya juu alimrekodi nyumbani kwake, na baadaye akamtumia Ferdinand nyimbo zile zikiwa kwenye diski, pamoja na kisanduku cheusi cha kuchomeka kwenye kompyuta. Mgeni alimweleza kwamba sauti hizi zimechukuliwa kwa undani mara mbili ya kawaida, na kwamba kompyuta peke yake haiwezi kuzitoa vizuri. Itoe namba tu, kisanduku kizigeuze kuwa sauti na kuzipeleka kwenye amplifaya. Ferdinand alituachia kila kitu, kompyuta yake pia. "Mzee, mi nataka bafle mbili," alisema. "Nikifunga macho, nisikie papa amekaa hapa mbele yangu. Si muziki ya arusi, hapana. Papa." Mzee Ramadhani alikigeuza kisanduku mkononi, akakisikiliza kama anavyosikiliza ubao, akasema, "Kumbe huyu ni mukalimani." Toka siku hiyo kikaitwa hivyo, Mkalimani.

Kazi ya kumuunganisha Mkalimani na kompyuta ilikuwa yangu, na kompyuta ya Ferdinand ilikuwa ya Kifaransa. Nilichomeka waya, nikafungua ukurasa wa mipangilio ya sauti, nikakutana na maneno. Mengine niliyakisia. Moja lilikuwa "améliorations", na hilo nililisikia kila siku kwenye mikutano ya maendeleo Makebuko. Nilijua ni uboreshaji, nikatia alama ya ndiyo, nani asiyetaka uboreshaji? Chini yake kulikuwa na kimraba kilichokwisha kutiwa alama, nacho kilisema kitu kuhusu "contrôle exclusif". Nikashtuka. Neno hilo nililijua vizuri mno. Mdogo wangu alikuwa amefukuzwa shule muhula ule ule, na karatasi aliyokuja nayo nyumbani iliandikwa kwa herufi kubwa EXCLU. Kila mzazi wa Burundi analijua neno hilo hata kama hajui lingine. Kwa akili yangu, kompyuta ilikuwa imepewa amri ya kumfukuza Mkalimani. Nikaiondoa ile alama haraka haraka, nikapumua, nikajiona nimeokoa jahazi. Mama Zaituni alikuwa uani anapepeta mchele, hatua sita kutoka kwangu, na alikuwa amesoma Kifaransa kwa masista miaka yote ya shule ya msingi. Sikumuuliza.

Mkalimani akawaka taa ya kijani. Nayo ile rangi ilitumaliza. Kila nyumba yenye friji au televisheni huku ina stabilizata, kwa ajili ya umeme wetu unaopanda na kushuka, na kila mtu anajua kwamba taa nyekundu ni hatari na kijani ni umeme mzuri, endelea. Mzee aliiona kijani akasema alhamdulillahi. "Iko napita vile iko?" akaniuliza. "Hakuna kitu inapotea njiani?" Nikamjibu kwa Kiswahili changu cha redio, "Hakuna kinachopotea, Mzee. Inapita kama ilivyo." Nilisema hivyo kwa uhakika kabisa. Kila nikikumbuka uhakika ule masikio yangu yanapata moto.

Alitengeneza mabafle yale kwa miezi mitatu. Mara ya kwanza alisikiliza, akatikisa kichwa, akafungua na kupunguza pamba ya ndani. Mara ya pili alibadilisha ubao wa mbele. Mara ya tatu akaanza upya kabisa. Mnong'ono wa yule marehemu ulitoka mnene na mzito, ukiwa sawasawa na nyuzi, kila kitu kimepondwa pamoja kama kisamvu, isombe yetu huku. Na kulikuwa na jambo jingine alilokuwa akilalamikia. "Kuko kitu inalia," alisema. "Shhh, shhh, kama muchanga. We hausikie?" Mimi sikusikia. Mama Zaituni hakusikia. Ferdinand alipokuja kuyasikiliza hakusikia mchanga wowote, ila aliinama akashika magoti, akasema kwa upole, "Mzee, unisamehe. Huyu siyo papa." Akaondoka bila kukasirika, na ile kutokasirika kwake ndiko kulikomvunja fundi.

Siku chache baadaye nilikuwa chumbani kwangu mchana nakunja nguo, na ukuta wetu ulikuwa wa kusikiana. Nikamsikia Mzee akimwambia mkewe, polepole, kama mtu anayeungama, "Masikio yangu imekwisha, Mama Zaituni. Ile muchanga iko ndani ya kichwa yangu. Mutoto alisema sauti iko napita muzuri. Ordinateri ya Ferdinand haiko na shida. Mukalimani haiko na shida. Donc, basi, shida ni mi." Mama Zaituni akamwambia ni uchovu, apumzike, atamtia mafuta ya habasoda masikioni. "Hapana," akasema. "Fundi wa bafle bila masikio ni nini? Ni muchonga sanduku. Tutaenda kukaa kwa binti yetu Zaituni kule Muyinga, nitakuwa nakaa baraza na wazee wengine." Kisha sikusikia kitu tena isipokuwa Mama Zaituni akipenga kamasi. Nilikaa kitandani na blauzi mkononi. Nilimsikitikia sana, na nilijisikitikia pia kwa sababu nyumba ile ilikuwa imeshakuwa yangu. Wazo kwamba kosa lingeweza kuwa langu halikunijia hata kwa mbali.

Wiki iliyofuata tukaanza kufunga vitu. Mzee hakushika chochote. Alikaa uani na kofia yake magotini, akituangalia tukibeba misumeno kama anayeangalia watu wa jirani wakihama. Mimi nilipewa kumrudisha Mkalimani kwenye boksi lake, na chini ya boksi, kwenye sponji, kulikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kilikuwa hapo siku zote. Hatukukisoma kwa sababu hakuna anayesoma karatasi ya stabilizata. Kiliandikwa kwa Kiingereza, lugha yangu mimi, si ya mtu mwingine yeyote katika nyumba ile. Kilisema taa ikiwa ya kijani, sauti inayoingia ni ya kiwango cha kawaida. Ikiwa ya bluu, ni ya kiwango cha juu. Nilisoma mara tatu nimesimama. Nyimbo za diski zilikuwa za kiwango cha juu, nilikuwa nimeona namba zake kwa macho yangu, na kwa miezi mitatu hatukuwahi kuona bluu. Maana yake kompyuta ilikuwa ikizipunguza kabla hazijamfikia Mkalimani.

Nikaiwasha kompyuta tena, nikafungua ule ukurasa, na mara hii nikamwita Mama Zaituni. Alikuja akifuta mikono kwenye kitenge, akavaa miwani ya mumewe. "Mama, exclusif ni nini?" nikamuuliza. "Ni kufukuzwa, si ndiyo? Kama exclu?" Akanitazama. "Sha! Exclu ni mwengine, exclusif ni mwengine." Akafikiri kidogo, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. "Exclusif njo kama bwana wa bibi moja. Uko naye we peke yako, hakuna mutu anaingilia." Akasoma mstari mzima kwa kidole, akanifafanulia kwamba pale programu ya muziki inaomba ruhusa ya kuwa na Mkalimani peke yake, bila kompyuta kupitisha sauti zake nyingine katikati. "Na ulimukatalia?" Nikasema ndiyo. Akaona na ile alama ya améliorations. "Na iyi? Nani aliomba ordinateri itengeneze sauti ya marehemu? Yeye ni fundi?" Nilikuwa nimemnyima Mkalimani ndoa, kisha nikamletea shemeji wa kuingilia mambo.

Ningeweza kurekebisha kimya kimya. Nakiri kwamba nililifikiria hilo kwa muda wa kunywa glasi ya maji. Lakini yule mzee angedhani amepona kwa habasoda, na kesho akisikia vibaya tena angejilaumu tena. Nikapiga moyo konde, nikaenda uani, nikachutama mbele ya kiti chake. "Mzee, kosa ni langu. Nilikwambia sauti inapita kama ilivyo, na haikuwa inapita. Niliizuia mimi mwenyewe, sikujua neno, na sikuuliza." Alivaa kofia, akainuka, akaingia karakana. Nikaondoa uboreshaji, nikarudisha ndoa ya Mkalimani, nikafungua wimbo. Taa ikawa bluu. Na katika mabafle yale yale aliyokuwa ameyalaani, yule mpiga inanga wa Muyinga akavuta pumzi. Hatukuwahi kujua kwamba alikuwa akivuta pumzi. Halafu akanong'ona, nyuzi zikiwa mbali kidogo chini ya mikono yake, na Mama Zaituni akajifunika mdomo kwa kitenge.

Nilitegemea Mzee afurahi. Alisikiliza wimbo mzima akiwa amefumba macho, na ulipokwisha uso wake ulikuwa na wasiwasi kuliko mwanzo. "Ni mi nasikia, ao ni kwa sababu umenambia nitasikia?" akasema. "Na ile muchanga bado iko. Sasa naisikia muzuri. Siyo muchanga. Ni mutu anachagua maharage kwa ungo." Tukacheza wimbo tena, mimi nimebandika sikio kwenye kitambaa cha bafle. Sikusikia maharage. Mama Zaituni naye hakuyasikia. Tukampigia simu Ferdinand. Akasema kwa hakika kwamba siku ya kurekodi nyumba ilikuwa tupu; mgeni alifukuza watu wote, hata kuku. Mzee akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Munaona? Mara nasikia kidogo, mara nasikia kitu haiko. Imekwisha." Akaniambia niyapeleke mabafle Muyinga, yawe ya mwisho, na nipitie kwa Zaituni nimwambie aandae chumba.

Nilisafiri na mabafle yale nikiwa nimeyakumbatia, maana nilihisi nimeiba kitu ambacho hakirudishiki. Nyumbani kwa Ferdinand nilikuta amepanga viti. Alikuwepo na mama yake, bibi kizee mdogo wa mwili, mgongo umepinda, hajasema neno zaidi ya kunisalimia. Nikaunganisha kila kitu, nikahakikisha taa ni ya bluu, nikafungua. Ferdinand aliposikia ile pumzi ya kwanza alisema "Papa" kama mtoto aliyeamshwa, akatoka nje. Yule mama alibaki amekaa, mikono miwili juu ya fimbo. Nilimwacha mpaka wimbo ukaisha, nikamuuliza kwa Kirundi, nikiona haya kwa swali la kijinga kama lile, kama siku ile kuna mtu aliyekuwa akichagua maharage.

Aliinua kichwa ghafla. "Yoo! Ni nde yabibabwiye?" Nani kawaambia? Akaangalia mlangoni kama mwanawe anasikia. Kisha akasema kwamba mgeni aliwatoa wote, ni kweli, lakini yeye alirudi kwa mlango wa nyuma akakaa jikoni. Chakula cha jioni kingepikwa na nani? Alichagua maharage polepole, chembe moja moja. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Sikumngoja amalize. Nilimpigia Mzee Ramadhani, nikaweka simu kwa sauti kubwa, nikapiga kelele, "Maharage, Mzee! Ni maharage! Mama yuko hapa, alikuwa jikoni!"

Mzee akaomba kuongea na mama mwenyewe, akamsalimia kwa Kirundi kwa adabu zote, akampa pole ya mumewe. Akamwambia ana swali moja. Katikati ya wimbo, alisema, mkono wako uliacha kuchagua. Ulikaa kidogo, halafu ukaendelea. Kwa nini uliacha?

Bibi alishika simu kwa mikono miwili. "Pale alitaja jina langu," akasema.

Nilimsikia Mzee akivuta pumzi upande wa pili, na nyuma yake Mama Zaituni akiuliza kuna nini, kuna nini. Alipoongea tena aliongea nami, kwa Kiswahili, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha simama. "Kwa Zaituni usipite," akasema. "Rudi nyumbani. Kuko kazi."